Fishi Iliyosainiwa na Papa Deo

Wanaosema nimetunga, waje kwangu Nguba niwaonyeshe kitabu chenyewe. Kiko juu ya kabati, karibu na sufuria. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, wazazi wetu walipokufa wakaniachia wadogo wanne. Nauza sambaza, visamaki vya ziwani, sokoni Nyawera. Kutunga nitajulia wapi?

Mdogo wangu Bahati ndiye aliyesoma mpaka udaktari. Si ule wa sindano, ule wa kuandika tasnifu. Yake ni juu ya ugonjwa unaonyausha migomba ya Kabare. Miaka mitano maktaba ya chuo ilikuwa nyumba yake ya pili, na kila akirudi jioni ni Papa Deo tu: Papa Deo wa chumba cha tasnifu amenitafutia makala, Papa Deo amenifundisha kupanga marejeo, Papa Deo ameniandikia kwa penseli kurasa za kusoma. Nikashukuru. Yatima naye amepata mtu wa kumshika mkono.

Siku mbili kabla ya kuitetea tasnifu, malaria ikamlaza hospitalini Katana. Akanipigia simu mimi dada yake: "Yaya, uniendee kwa maktaba, uniletee quitus." Quitus ni karatasi inayosema huna kitabu chao hata kimoja. Bila hiyo hutetei, unangoja mwaka mwingine.

Nikamwachia jirani sambaza zangu, nikapanda chuoni na mvua. Maman Noella wa mapokezi akatazama daftari.

"Maman, kitabu kimoja hakiyarudi."

"Bahati alimurudishiaka Papa Deo."

"Deo gani? Mwenye kutumika hapa na ile jina hayuko. Rudia kesho, mukubwa atakuwa."

Kesho! Kuna neno lililonichosha kuliko hilo? Nimewalea watoto wanne kwa kesho za maofisi. Safari hii nilikataa. Nikashuka ngazi kukitafuta chumba cha tasnifu mwenyewe. Umeme ukakatika papo hapo. Ilikuwa saa tisa mchana, lakini kwa mvua ile hukuuona mkono wako vizuri.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani alisimama mzee mfupi, koti la kazi la kijivu, penseli sikioni.

"Pangusa kwanza mikono," akasema, hata salamu hakuna. "Sambaza haisomake."

Hebu niambie, watu wa ofisi wanafundishwa wapi maneno yao? Nikapangusa kwa kikwembe nilichojifunga. Hakuniuliza jina, wala kilichonileta. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, gizani, akatoa kitabu cha Bahati. Kwenye fishi, ile kadi ya ndani ya jalada, akaandika "kimerudi", akasaini. Halafu akavuta kitabu kingine chini ya meza.

"Hiki ni chako. Ukimaliza utarudisha."

"Papa, mimi sisomake."

"Uliachia mwaka wa pili. Hiki ni cha wa tatu."

Niamini, sikuwa nimemwambia. Lakini nilikuwa na haraka. Nikadhani Bahati ndiye mwenye mdomo.

Maman Noella alipoiona sahihi, akakaa bila kutazama kama kiti kipo.

"Papa Deo alikufaka, maman. Bahati alikuwa hayaanza hata doctorat. Tulimuzika sisi wenyewe."

Tukashuka pamoja. Mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu, na ufunguo ulimhangaisha mpaka jasho likamtoka. Ndani vumbi lilijaa sakafuni, na juu ya vumbi matope ya kandambili zangu: kwenda mezani, kurudi mlangoni. Nyayo za mtu mmoja.

Unafikiri nilizimia? Niliwaka.

"Na quitus yangu?"

"Maman, mufu hawezi kusaini..."

"Basi saini wewe mwenye iko napumua! Kitabu si hiki hapa?"

Akasaini. Bahati akatetea, homa ingalipo. Katika ukurasa wa shukrani alikuwa amemtaja Papa Deo. Profesa mmoja alipofika hapo akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

Bahati amepona, ni daktari. Shida imebaki kwangu. Mara tatu nimekipeleka kile kitabu changu, mara tatu Maman Noella amekikataa: hakimo daftarini mwao. Na kila nikimaliza sura, nakuta pembeni penseli imeandika ukurasa wa kuendelea. Juzi iliandika: "Wiki mbili umelala?" Nimelala! Mimi, mwenye chungu motoni!

Kwa hiyo wewe uliye na mtoto chuoni, mwambie arudishe vitabu mezani, mbele ya watu wawili, na aulize kama wote wanamwona anayepokea. Na huyo akikupa cha kwako, kataa. Mimi sikukataa. Sasa niko sura ya tisa, na lazima nimalize, maana siku yangu ikifika najua atakayesimama mlangoni kule, penseli sikioni, akinidai quitus.