Siku Walipoezua Laini Yetu

Mwezi uliopita rafiki yangu wa kazini alinialika kwake Ruiru, kwenye zile estate mpya za upande wa Juja zenye ukuta mrefu na waya wa stima juu. Nilifika mchana nikiwa nimebeba keki. Mlinzi wa geti akaniuliza kwa heshima, "Madam, unaenda kwa nani?" Nilitaka kumjibu, lakini macho yangu yalikuwa yameona barabara nyuma yake, inavyoteremka kuelekea mtoni na kupinda kwenye mwamba mweusi. Hapo ndani ndipo nilipozaliwa.

Siku hizo hapakuwa na ukuta. Ilikuwa kahawa tupu, mstari kwa mstari, na katikati yake nyumba za wafanyakazi zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ambazo sote tuliziita laini. Asubuhi king'ora kililia na akina mama wakatoka na madebe yao, wakipiga gumzo kwa Kiluhya, Kikuyu, Kikamba, na kucheka kwa lugha moja. Msimu wa kuvuna, harufu ya maganda ya kahawa yanayooza kule kiwandani iliingia mpaka kwenye chai, na hatukuona ubaya. Jioni kulikuwa na ugali na mboga ya mrenda, na moshi wa kila jiko ukaungana juu ya mabati.

Tulikuwa wanne: mama, mdogo wangu wa kiume, mimi, na nyanya yetu, ambaye tulimwita kukhu kama wanavyosema watu wa magharibi. Baba alikuwa ameshafariki. Kukhu alikuja pale akiwa bibi arusi, akachuma kahawa mpaka mgongo ukakunjika. Kule magharibi, shamba la mume wake lilishachukuliwa na shemeji zake zamani, kwa hivyo hakuwa na pa kurudi. Mimi nikitaka kuning'iniza picha ya kalenda, alinikataza. "Usigongelee msumari huo ukuta. Si wetu." Nilidhani ni ukali wa wazee tu.

Halafu wakaja wanaume wenye miti yenye rangi nyekundu, wakapima, wakapanda bikoni za simiti, alama za mipaka, kati ya kahawa. Kuanzia siku hiyo watu wazima walianza kuongea polepole, na wakituona watoto wananyamaza. King'ora kikaacha kulia. Mfereji tuliotekea maji ukakauka. Kisha likaja tingatinga, likaanza kung'oa kahawa upande wa barabara kuu. Kila siku tulilisikia likiwa karibu zaidi, na mizizi ikikatika kama mifupa. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza tena.

Nyapara alipita mlango kwa mlango, naye mwenyewe hana raha. "Mama, shamba limeuzwa. Nyumba ni ya shamba. Kama kazi imeisha, nyumba pia imeisha."

"Sasa twende wapi?" mama akamuuliza.

"Hata mimi sijui naenda wapi," akasema, akapita.

Walikuja kuezua asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Tulisikia miguu juu ya mabati, misumari ikilia, halafu jua likatuangukia kwenye vikombe. Mdogo wangu akapiga nduru. Kukhu hakuinuka kitandani. Aliangalia juu, akamwambia yule kijana aliyeshika bati, "Ngoja nimalize chai." Kijana akasimama pale juu, akangoja, akiwa ameinamisha kichwa.

Tulihamia kanisani, kanisa la mabati lililokuwa nje kidogo ya shamba. Familia zilijaa humo na masufuria na magodoro, mpaka nyingine zikaanza kuondoka, moja moja, bila kuaga. Mchana mmoja akina mama wa kanisa walikutana kujadili wale waliobaki. Mimi nilisimama nje ya dirisha na mdogo wangu.

"Huyo msichana aje kwangu, atanisaidia na mtoto."

"Kijana anaweza kwenda kwa dada yangu kule Witeithie."

"Na huyo nyanya tumtafutie nafasi kwa masista, Thika."

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi ya nyuma, anaangalia mikono yake. Nilielewa kwamba tunagawanywa, na kwamba amekubali. Nilimshika mdogo wangu mkono tukakimbia, tukaingia kwenye kahawa iliyobaki, kwa sababu ndiyo mahali pekee nilipojua kujificha.

Tulijikunja chini ya mti mmoja. Tingatinga lilikuwa linafanya kazi, na mwanzoni nililiona liko mbali. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka chini ya matako yetu. Mstari ukaanguka, mwingine ukafuata. Nilitaka kuinuka lakini miguu ilikataa kabisa. Mdogo wangu alilia na mimi nikamziba mdomo, eti tusije tukasikika tukapelekwa. Niliona ile sahani ya chuma ya mbele ya tingatinga ikisukuma udongo mwekundu na matawi kuja upande wetu.

Ndipo nikasikia mwanamke anapiga kelele, "Simama! Wee, simama! Kuna watoto!"

Alikuwa mama wa maziwa, jirani mwenye kipande chake cha shamba nje ya mpaka, aliyetuuzia maziwa miaka yote. Alikuwa anakatia ng'ombe wake majani pale ukingoni, akatuona tukiingia. Alisimama mbele ya tingatinga akipunga leso. Dereva akazima mashine, akaruka chini. "Ngai! Mungu wangu! Mama, ningewaua," alisema, akarudia, akaketi kwenye udongo.

Mama wa maziwa alitushika mikono, tukiwa na udongo mwili mzima, akatuingiza kanisani katikati ya mkutano.

"Nani amesema hawa watoto wagawanywe?"

"Tunajaribu kusaidia," mmoja akajibu.

"Haiya, nimeona. Lakini kuna mtu ameuliza mama yao anataka nini?"

Mama akainua uso. "Nataka tukae pamoja," akasema. "Hata kama tutalala chini."

Mama wa maziwa alikuwa na stoo ya nyasi kavu. Jioni hiyo aliitoa nyasi. Wale akina mama, na siwalaumu maana nia yao ilikuwa njema, walileta kila mtu alichoweza: godoro, jiko, bati la kuziba paa. Wanaume wao wakasakafia. Kukhu akaangaliwa na majirani kwa zamu hadi mama akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo Thika. Tulikaa humo mpaka nikamaliza shule. Kukhu alifia humo, kitandani mwake, na mama akiwa amemshika.

Wengine wa laini hawakupata stoo. Mzee tuliyepakana naye ukuta, mkataji wa matawi ya kahawa maisha yake yote, nilimwona miaka baadaye Thika, amelala juu ya katoni mbele ya duka. Mtu akaniambia, "Achana na hao, ni walevi tu." Mzee alinitambua. Aliniuliza habari za kukhu. Kesho yake nilirudi na mama tukiwa na blanketi, hatukumkuta, na kila tuliyemuuliza hakumjua.

Leo hakuna laini, hakuna kahawa, na wale tuliokua pamoja sijui walitawanyikia wapi. Imebaki hofu tu, ambayo haina mahali pa kuishi isipokuwa ndani yangu. Nikipita mahali wanapojenga, nasikia ile mashine, namshika binti yangu mkono kwa nguvu mpaka anauliza, "Mami, ni nini?" Namwambia si kitu. Lakini mkono siuachi.