Mashine ya Mama Mdogo Iliponyamaza

Mama mdogo wangu hakutaka kurudi Wamaza, kijiji chao. Mume wake alipofariki, ndugu zake walimwambia afunge nyumba yake ya mjini Kasongo arudi kijijini, kwani mjane hakai mjini peke yake. Yeye akajibu kwamba ana mashine yake ya kukoboa mpunga, na mashine hiyo inamlisha. Basi injini ya dizeli, mazuti tunavyoiita, iliyoizungusha ilipokufa, kaka yake mkubwa, yaani mjomba wangu, akatuma habari kuwa mavuno yakiisha atakuja na pikipiki kumchukua. Mama mdogo akaniita mimi, fundi wa umeme wa ukoo, akaniambia nitafute dawa. Nilifurahi mno, kwa sababu kazi ya namna hiyo nilikuwa naililia siku zote.

Tukaamua kuweka mota ya umeme na sahani za sola juu ya bati. Katikati ya hivyo viwili panatakiwa variateri, kisanduku kinachopokea umeme wa sola na kuigawia mota kwa kipimo, ukitaka mwendo wa haraka au wa taratibu. Muuzaji wa Bukavu aliniuliza kwa simu nguvu ya mota tu, akataka kunipa kinacholingana nayo. Nikakataa. Mashine ya mpunga mara nyingi huanza kazi tumbo likiwa limejaa, na chini ya bati la Kasongo saa saba mchana hata mtu mzima anaishiwa nguvu kwa joto. Nikasoma ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, nikaagiza variateri iliyozidi kwa hatua moja. Tulibishana mpaka uniti zikaisha, lakini mimi nikishajua jambo langu sishikiki.

Kuifunga kulinipa raha. Niliipachika ukutani katika chumba cha pili, mbali na vumbi la makapi, nikaiachia nafasi juu na chini ipumue. Nikachimba shimo la waya wa ardhi nyuma ya jiko, nikalijaza mkaa na maji ya chumvi, huku mama mdogo akiniuliza nampikia nani. Nikaingiza namba za mota, nikaiagiza ianze polepole isishtue mkanda wa mashine. Nilipobonyeza, mota ikaamka bila kelele, ikapanda mwendo wake kwa adabu. Nikajiona mfalme.

Wateja hawakuniona hivyo. Kwetu mashine inajulikana kwa kishindo. Ile ya zamani ikiwashwa, mtaa mzima ulisikia, na akina mama wakajitwika mabeseni wakaja. Hii haikumwita mtu. Wachache waliopita wakasimama mlangoni, wakasikiliza, wakasema haina nguvu, wakaendelea mbele kwa jirani mwenye injini ya moshi. Nilikasirika sana. Nikamwambia mama mdogo kimya kingi kina mshindo mkuu, naye akanijibu kwamba methali haikoboi mpunga. Kisha akachota mchele wa mteja mmoja aliyebaki, akanionyesha. Nusu ya punje zilikuwa zimevunjika.

"Hii iko ya kuku," akasema.

Niliona aibu, na niliogopa kwa ajili yake. Nikarudi kwenye variateri. Nilikuwa nimeiacha ikimbie mwendo wote ulioandikwa kwenye mota, kana kwamba tunashindana na mtu. Nikaanza kupunguza. Yeye alikaa mlangoni na ungo mapajani, akipepeta kila nilichompa, akiuma punje moja, akisema bado. Nikashusha tena. Bado. Niliposhusha kupita kiasi maganda yakabaki, akanitazama kwa jicho baya, nikapandisha kidogo. Akapepeta, akauma. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Mchele ulitoka mzima, mrefu, wa kupikia harusi.

Mjomba alifika wiki hiyohiyo, vumbi hadi kwenye kope, na gunia la mpunga wake nyuma ya pikipiki, kwa sababu hata anayekuja kumhamisha mwenye mashine haachi kukoboa kwanza. Akasimama kando ya mashine, mikono nyuma.

"Mwipwa, munaiwasha saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba ilikuwa inazunguka tangu alipoingia. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha mkanda. Mama mdogo akamimina mpunga wa kaka yake. Wingu likapita juu ya bati, mota ikapunguza mwendo, na mimi nikaikodolea macho variateri mpaka jua lilipotoka tena. Mjomba akachota mchele kwa viganja, akautandaza kwenye ungo, akainama kutafuta punje zilizovunjika. Alitafuta kwa muda mrefu, mtu mgumu yule. Akina mama waliokuwa wakielekea kwa jirani wakasimama kuona mzee anatafuta nini, wakasogea, wakatazama ungo uliojaa punje nzima. Mmoja akatua beseni lake. Wengine wakatua yao nyuma yake.

Mjomba akajipangusa mikono.

"Nilikuja kukuchukua," akamwambia dada yake. "Sasa mwezi unakuja nitaleta mupunga ya kijiji muzima."

Mama mdogo alikuwa ameshapokea beseni la kwanza.

"Leta tu, kaka," akasema bila kugeuka. "Lakini utapanga mustari sawa watu wote."