Bei ya Kukata Kijiti Kimoja

Kwa jumla, mambo haya yaligharimu shilingi elfu mbili, mia moja na arobaini. Nimehesabu mara mbili. Elfu mbili na mia moja zilitoka mfukoni mwangu. Arobaini zilitoka kwa binti yangu wa miaka mitano, na hizo ndizo zinazonikosesha raha.

Nyumba yetu hapa Isiolo ilijengwa na babu yangu, aliyeuza ng'ombe kwanza, halafu sukari. Ni ya mawe na mabati, na mbele ina veranda iliyoinuka hadi kifua cha mtu mzima. Ukingo wake ni vijiti thelathini na viwili vya mtarakwa, kila kimoja kimechongwa shingo kama ya kibuyu cha maziwa. Mti huo siku hizi haukatwi ovyo, na aliyevichonga alishazikwa. Wageni wanaopita kwenda Marsabit walikuwa wakisimama kupiga picha. Mimi nilisimama kando nikijifanya sijawaona.

Mama watoto hakuona mambo ya picha. Aliona nafasi iliyoko kati ya kijiti na kijiti. Siku moja alichukua mkebe wa maziwa ya unga, akaupitisha katikati, ukaanguka chini kwenye vumbi.

"Baba watoto, mkebe umepita. Kichwa kitashindwa?"

"Kichwa kiko na masikio," nikamjibu.

Alitaka tupigilie wavu wa waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia babu hakujenga banda la kuku, na kwamba sisi tulicheza hapo hapo tukawa watu wazima. Kaka yangu aliyevunjika mkono sikumtaja. Yeye aliruka juu, hakupita katikati.

Alhamisi moja, mama watoto akiwa arusini huko Wabera, binti yetu alitaka kumwona mbuzi aliyekuwa akitafuna karatasi chini ya veranda. Kichwa kikapita. Masikio yakakataa kurudi.

Nilipaka sabuni. Nikapaka mafuta ya kupikia. Hakulia, aliniita tu baba kwa lugha ya nyumbani, akirudia polepole, "Aabo, nitoe." Nikamwita fundi wa mbao, jirani yetu, Mmeru tunayejuana naye miaka mingi. Akaja na msumeno, akaangalia.

"Kijiti kimoja kikitoka, mtoto ametoka. Mia sita."

Hapa ndipo penye aibu yangu. Mdomo ulijifungua wenyewe. Nimenunua mbuzi, nyanya, viatu na saruji katika mji huu, na bei ya kwanza sijawahi kuilipa.

"Mia sita kijiti kimoja? Hiyo msumeno ni ya dhahabu?"

"Mzee, mtoto amekwama."

"Namwona. Mia mbili. Na usiguse cha kulia, kata cha kushoto, hicho kiko na ufa."

"Cha kushoto kiko na msumari ndani. Msumeno yangu itakufa."

Tukashuka, tukapanda. Mimi nikafika mia tatu nikasimama, yeye akafika mia tatu na hamsini akasimama. Tukabaki tunaangaliana, mgongo wa mtoto ukiwa katikati yetu.

Sauti ikatoka upande wa pili wa ukingo. "Aabo, mimi niko na arobaini."

Zilikuwa pesa zake za Idi, sarafu nne za kumi, amezifunga kwenye ncha ya mtandio.

Fundi akachukua msumeno wake. Alipiga magoti akakata. Dakika mbili, si zaidi. Msichana akatoka, masikio yamevimba, moja limechubuka. Nikatoa mia tatu. Mtoto akafungua fundo lake, akanipa zile sarafu. Nikacheka, nikaona mtoto anajifunza biashara. Nikazihesabu mara mbili, nikaziweka juu ya mia tatu. Fundi alizipokea bila kuniangalia usoni.

Mama watoto aliporudi hakuhitaji kuniuliza. Msichana alimsimulia mwenyewe, tena kwa fahari: "Aabo alinishushia bei. Ilikuwa mia sita."

Mama yake hakunifokea. Alishika lile sikio, akaniuliza swali moja tu: "Tangu fundi afike mpaka akate, zilikuwa dakika ngapi?"

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hizo sikuwa nimezihesabu hata mara moja.

Kesho yake nilinunua wavu kwa elfu moja na mia nane, bei ya kwanza. Mwenye duka, anavyonijua, aliniuliza kama ni mgonjwa. Nikaupigilia mwenyewe mpaka kijiti cha thelathini na moja. Sasa hakuna anayesimama kupiga picha. Hilo naweza kulivumilia.

Lakini wiki iliyopita msichana alianguka uani, goti likatoka damu. Nikamkimbilia. Kabla sijamgusa, alikaza midomo akaniuliza, "Hii itakuwa ngapi, Aabo?"

Nimejaribu kumrudishia arobaini yake. Ananikunja vidole juu ya sarafu: "Kaa nayo. Nikikwama tena usipungukiwe." Nikampa mia nzima, akaanza kunitafutia chenji.

Basi wewe unayesoma, kama umewahi kulea, nisaidie. Kulipa si shida. Ninachotaka kujua ni hiki: mtoto huambiwaje, na akaamini, kwamba akikwama tena nitakata vijiti vyote thelathini na kimoja bila kuuliza bei?