Siku Niliyofundishwa Kucheka Msibani

Saa nne na robo asubuhi, ua wetu karibu na Newala ukinuka moshi wa kuni mbichi na mihogo iliyokuwa ikichemshwa kwa ajili ya waombolezaji, Mama Asha aliingia akichechemea. Hakuwa kiwete. Alikuwa amejitwisha ndoo tupu, amejifunga kanga ya mama yangu, na mwendo aliouiga ulikuwa wa mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa ndani, amefunikwa shuka. Mguu ule mama aliumia miaka mingi nyuma, alipoanguka na maji kwenye njia ya kupandia kutoka bondeni. "Mvivu mkubwa huyu," Mama Asha alisema mlangoni. "Amekufa ili kesho asiende kuteka maji." Watu wakacheka. Shangazi, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, naye akacheka.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kwamba Mama Asha na ndugu zake wa Lisekese ni watani wetu. Sikujua kwamba kumkejeli maiti wetu ni wajibu wao, wala kwamba kaka zake ndio waliokuwa wakituchimbia kaburi. Nilimng'ata Mama Asha mkono mpaka damu ikatoka. Hakunipiga. Alitua ndoo, akatuma mtu makaburini, na majembe yakawekwa chini. Jua likapanda. Baba akatoa kuku wawili, wakakataa. Walichotaka ni mimi nicheke.

Baba alinishika bega, akanisimamisha mbele ya watu. Mama Asha akarudia kuchechemea, safari hii polepole zaidi, ili nione vizuri.

"Cheka, Somoe," baba alisema bila kunitazama. "Mama yako anaharibika."

Nilicheka. Walisema hawajasikia. Nilicheka tena, ndipo wakarudi kuchimba.

Baadaye, bila mwalimu, nimesoma vitabu kadhaa juu ya namna utamaduni unavyofundishwa. Vinasema mtoto hazaliwi nao. Huupata kidogo kidogo, mara nyingi bila kujua ni lini. Mimi najua ni lini.

Mwaka jana nilikwenda Lulindi kwenye msiba wa mzee mmoja, mtani wetu, aliyeuawa na kifua. Nilisimama mlangoni nikakohoa kama yeye, na nilikohoa vizuri sana. Mjukuu wake wa kike akaanza kulia. Nikamkazia macho, nikisubiri acheke. Hakuna aliyemlazimisha. Baba yake alimbeba, kisha akanisogezea kiti cha plastiki.

"Shikamoo, Mama Rashidi," aliniamkia kwa jina la mwanangu. "Kaa upumzike. Vijana wa kuchimba tumeshawalipa, elfu themanini."