Mgonjwa Asiye na Jeraha

Nilikuwa nesi wa mapokezi ya dharura katika hospitali moja Tanga. Kila aliyeingia nilimwuliza: nini kimekuleta? Walikuja walioanguka na bodaboda, watoto wenye degedege, wazee wa presha walioacha dawa kwa kuwa walijiona wazima.

Mama mmoja wa Nguvumali aliletwa na mumewe, mkono umevimba.

"Kateleza bafuni," mume akajibu kabla sijamaliza kuuliza. Alikuwa mpole, kanzu imepigwa pasi, kamshikia mkewe mkoba. Nikaandika: ameteleza.

Wiki mbili baadaye wakarudi. Safari hii bega lilikuwa limeungua kwa uji, na aliyejibu ni mume tena. Mke alitazama viatu vyangu tu. Nikaandika nilivyoambiwa.

Mara ya tatu mama alikuja peke yake, saa nne asubuhi, anatweta. Sikuona jeraha.

"Nini kimekuleta, dada?"

"Siumwi. Nipe tu kitanda nilale mpaka adhuhuri."

"Sasa niandike nini?"

Akainama karibu. "Leo kanoa kisu mbele yangu. Taratibu, huku ananiuliza nimeamkaje."

Nikaweka kalamu chini. Nilimpeleka chumba cha ndani, nikamwita daktari na ofisa ustawi wa jamii. Picha ya eksirei ilionyesha mbavu mbili zilizovunjika zamani, zikaunga vibaya. Ofisa akawapigia polisi, kisha dada wa yule mama, aliyeko Pangani.

Haikupita saa, mume akasimama dirishani kwangu.

"Nesi, habari za kazi? Mke wangu kapita hapa?" Mkono mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa kanzu.

"Hajaja."

Akatabasamu, akaenda kukaa benchini, katikati ya wagonjwa, macho kwenye mlango wa ndani. Alikaa hivyo mpaka polisi walipofika. Walimpekua, hakuwa na kisu. Aliondoka nao bila ubishi, akiwaaga watu wa benchini mmoja mmoja.

Alasiri dada wa yule mama alifika, wakatoka wote wawili kwa mlango wa nyuma.

Siku ya nne mume aliachiwa. Asubuhi yake alipita dirishani, akanipa pole ya kazi, kisha akaniuliza, kwa upole ule ule, nakaa mtaa gani. Nikamwita mgonjwa aliyefuata. Mwezi ule ule nikahama nyumba.