Shangazi Niliyemwacha Kando ya Mto Athi

Riwaya yangu, mwanangu, ilinigharimu mbuzi wawili, madaftari tisa na masikio ya shangazi yangu. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi na madaftari si kitu.

Nakumbuka siku moja ya soko pale Sultan Hamud, miaka ya sabini, nikiwa na duka la nafaka. Shangazi Ndunge alikuja kuuza vyondo, vikapu alivyosuka mwenyewe, kama kila wiki, akaketi juu ya gunia langu la mbaazi bila kuniomba. Zamani za njaa, akiwa ameolewa juzi tu, alitembea kutoka Kitui hadi Kibwezi kutafuta chakula, mtoto mgongoni. Mtoto alifia kando ya Mto Athi. Aliitwa Syombua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Aliyelikumbuka jina hilo alikuwa amebaki shangazi peke yake, naye hakujua kusoma. Mimi nilijua, nikajitia kimbelembele: nitaiandika safari yako iwe kitabu, nikusomee.

"Umenivusha mto?" akaniuliza siku hiyo.

"Bado, shangazi. Duka halinipi nafasi. Mvua ikipita nitatulia."

"Mvua ya huku Ukambani? Basi nitangoja sana."

Mikono yake haikuwa imekoma kusuka tangu aingie. Akaniinulia kiondo. "Hiki nilikianza nikienda kuchota maji. Safu mbili nimeziongeza kanisani, mchungaji hakuona. Hizi nyingine nimezisuka nikija hapa kwa miguu. Wewe umewahi kuona mwanamke amefunga nyumba ili asuke kiondo?"

Nilicheka, mwanangu, kama mnunuzi anavyocheka akijua hataongeza hata senti. Nikajiambia kinachokosekana ni meza. Fundi alitaka mbuzi wanne, nikamshusha hadi wawili, nikajipongeza. Ikawa meza nzuri sana ya kupimia ndengu. Sura ya kwanza niliiandika upya mara kumi na moja, shangazi akiwa bado Kitui anafunga mzigo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba nilikuwa nacho dukani. Niliwapimia watu wote isipokuwa mimi.

Miaka ikaenda. Kila soko aliniuliza, kisha akaacha kuniuliza. Nilishukuru, nikidhani amesahau.

Halafu siku moja mteja akakawia kuchagua kati ya magunia mawili ya maharagwe. Nikachukua karatasi ya kufungia sukari, nikaandika mistari minne. Kesho yake mitano. Hata meza sikuigusa. Mwaka haukuisha, mto ukavukwa.

Nilimpelekea shangazi madaftari nyumbani kwake, nikamkuta uani anasuka. Nikasoma. Alinitazama midomo, akitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesikiliza lugha ya wageni. Nilipofika kwenye jina la mtoto nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka nje. Yeye hakusikia. Kumbe hakuwa amesahau kuniuliza. Alikuwa ameacha kusikia majibu yangu, na mimi, mtu wa kuhesabu, sikuona.

Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Akalifunika neno hilo kwa kiganja, kama anayemkinga mtoto na jua.

"Kumbe jina lenyewe dogo hivi," akasema. "Na limekuchukua miaka yote hiyo."

Basi, mwanangu, usingoje siku isiyo na kazi. Siku hiyo haiuzwi soko lolote, kuanzia mji wa Wote hadi Kibwezi, nimeulizia. Andika maharagwe yakichemka, andika mteja akikuna kichwa. Na kama kuna mtu anayengoja kusikia, msomee vipande vilivyopo, hata kama vimepinda. Kazi nzuri iliyochelewa nimeiona, na sikujua niiuzie nani.

Mungu akupe mikono isiyongoja ruhusa, na akutunzie wale wanaokusikiliza.

Lakini nasaha hizi si za bure. Nakudai ukurasa mmoja. Ukiumaliza, njoo unisomee, wala usikawie njiani. Sikio langu la kushoto limeanza kunipunja.