Alichokiona Shahidi

Hata walimu wa shule ya msingi walimwita Shahidi, na wala hakuchukia. Jina lilimpata akiwa na miaka tisa, siku aliposimamishwa juu ya kibao mahakamani ili kichwa chake kionekane, akanyoosha kidole na kusema, "Ni yule." Yule alikuwa fundi viatu wa mtaani kwao, mwenye kibanda pale kwenye kona. Baba yake Shahidi alikuwa ameuawa uani kwa kupigwa rungu, jioni giza likianza kuingia, na mtoto alikuwa dirishani. Fundi akafungwa maisha. Majirani walimsifu mtoto mpaka wakachoka, na shangazi yake, dada wa marehemu, aliyemlea tangu siku hiyo, hakuacha kuwaambia wageni, "Huyu mnayemwona hapa, macho yake ni ya mwewe."

Basi nani angeshangaa alipokwenda chuo kikuu kusomea uchunguzi wa mauaji na makosa mengine ya ukatili? Wenzake wengi walikuwa wameletwa na sinema, na wakapata somo lao wiki ya kwanza tu, walipokabidhiwa damu ya ng'ombe na rula wapime matone. Shahidi hakutetereka. Alijua kwa nini shati lenye damu hufungwa kwenye mfuko wa karatasi na siyo wa nailoni, alijua kwamba picha hupigwa kabla kitu hakijaguswa, na kila swali alikuwa amelinyooshea mkono kabla halijamalizika. Wakawa wanamtania: "Shahidi, hebu tuambie nani kaiba chaja yangu."

Mwaka wa pili likaja somo la ushahidi wa macho. Mhadhiri alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, na nusu ya darasa ilikuwa ikisinzia kwa heshima. Siku moja, akiwa katikati ya maelezo, mtu aliingia mbio, akapiga ukelele, akanyakua mkoba wa mhadhiri mezani na kutoka nao. Watu wakaruka juu. Mhadhiri hata hakugeuka.

"Kaeni. Andikeni mlichokiona. Msizungumze."

Wakaandika, akakusanya karatasi. Kisha akasema, "Haya, sasa zungumzeni."

Pakawa soko. Kijana mmoja wa mbele, mwenye sauti ya mnadani, alisema ameliona panga kwa macho yake. Nani ampinge? Wa nyuma yake naye akaukumbuka mpini, ulikuwa mweusi. Walipokwisha kubishana na kukubaliana, mhadhiri akawagawia karatasi nyingine waandike upya.

Ndipo mwizi aliporudi. Alikuwa mtunza maktaba, anatweta, mkononi kashika mwavuli uliokunjwa. Darasa zima likaangua kicheko. Shahidi naye alicheka, mpaka aliporudishiwa karatasi zake mbili. Kwenye ya kwanza alikuwa ameandika: "Alishika kitu kirefu. Sikukiona vizuri." Kwenye ya pili: "Panga lenye mpini mweusi, mkono wa kulia."

Kukosea hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba alipofumba macho bado aliliona lile panga. Akautazama mwavuli sawasawa, akafumba tena. Panga lipo, tena linang'aa.

"Ndiyo maana mashahidi hutenganishwa kabla hawajaongea," mhadhiri alikuwa akisema. "Mkishachanganyika, hata mwenyewe hujui tena kipi ulikiona na kipi uliambiwa."

Wenzake wakaandika. Yeye alitoka, akakaa kwenye ngazi za nje. Baba yake alipouawa, polisi walimhoji lini yeye? Kesho yake asubuhi, nyumba ikiwa imekwisha kujaa watu.

Jumamosi alikwenda nyumbani akamkuta shangazi anapiga pasi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Au wanawalisha hizo damu zao?"

Shahidi alimsimulia kisa cha panga na mwavuli, kisha akauliza, "Shangazi, jioni ile ya baba, mimi nilisema nini kwanza? Kabla polisi hawajaja."

Shangazi aliisimamisha pasi. "Ulisema umeona mtu kavaa koti, kakupa mgongo."

"Fundi sikumtaja?"

"Ulikuwa mtoto, unatetemeka. Tukakaa na wewe, tukakusaidia kukumbuka. Nani mwingine pale mtaani alikuwa na koti? Na wiki ile ile alikuwa kagombana na baba yako. Penye wengi hapaharibiki neno, mwanangu."

"Lakini uso wake nauona mpaka leo."

"Si ndiyo hivyo? Ulimwona."

"Mtu kanipa mgongo, Shangazi. Uso niliuonaje?"

Shangazi akawaka. "Yaani unataka kumtoa aliyemuua ndugu yangu kwa sababu ya mchezo wa mwavuli? Hicho ndicho nilichokusomeshea?" Na hapo hapo akaanza kulia, kanga ikiwa bado mezani nusu imenyooka. Shahidi alimshika mkono. Alimpenda, akamkasirikia, akamwonea huruma, yote kwa pamoja. Na huenda fundi ndiye aliyeua kweli! Hilo ndilo lililomvuruga kuliko yote. Kama angekuwa na hakika kwamba yeye mwenyewe alidanganya, angejua pa kushika.

Alihangaika nalo hivyo mpaka akachoka, akaenda gerezani siku ya wageni. Wakamletea mzee mwenye mvi, akakaa upande wa pili wa wavu, akamwangalia bila kumtambua.

"Mimi ni yule mtoto wa dirishani," alisema Shahidi.

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. "Umekuwa mkubwa."

"Mzee wangu, sijui kama nilikuona. Uso wako nauona, lakini sijui kama nilikuona."



"Siku ile mahakamani ulisema vizuri sana, mwanangu," alisema fundi. "Hata mimi nilikusikiliza nikajiuliza, au kweli nilikuwepo?" Akacheka, kicheko kikakatika njiani.

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

Shahidi alimtazama usoni kwa elimu yake yote ya miaka miwili, asipate kitu. Uso wa mtu aliyezeeka, basi. Machozi yakamtoka.

"Pale chuoni kuna wakili wa msaada wa kisheria," alisema. "Nitakwenda kumwambia sijui. Shangazi yangu hatanisamehe."

Fundi alisogea mpaka paji la uso likagusa wavu.

"Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi," alisema. "Usije ukanionea huruma ukaongeza neno."